Tope Tulilolifunika Ngoingwa

Kijiwe chetu cha mtaa wa Ngoingwa ni benchi moja tu, mbele ya geti la ploti yetu, na chupa ya kahawa ya Makau katikati. Jumamosi hiyo tulikuwa wanne: Makau mwenyewe, Bedan, tunayemwita Profesa kwa sababu hakubali kushindwa, Opiyo wa kiwanda cha unga, na mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiliza na kumaliza kahawa ya watu. Marvin, mtoto wa Opiyo wa miaka minne, alikuwa ameketi juu ya begi lake, soksi nyeupe pe, mikono kwenye magoti. Jioni hiyo shangazi yake Aketch angempeleka Siaya kwa nyanya yake, akakae huko. Opiyo hakuwa amegusa kikombe chake.

MAKAU: Sasa Baba Marvin, ni lazima aende?

OPIYO: Tichaa aliniita. Ati hii mtoto haiwezi kumwaga maji kutoka kikombe moja hadi ingine. Akipewa udongo analia. Wenzake wakicheza, yeye anasimama kando kama soja wa benki.

PROFESA: Hiyo ni simu. Mwangaza ya simu inakausha vidole.

MAKAU: Wacha uongo, Prof. Ni maziwa ya pakiti. Sisi tulikunywa ya ng'ombe, ndio tukapata nguvu ya kuchimba.

PROFESA: Haiya! Ng'ombe gani? Za siku hizi zinasimama kwa simiti maisha yao yote. Maziwa inatoka ikiwa na uoga ndani, mtoto anakunywa uoga!

Mimi nilicheka. Opiyo hakucheka.

OPIYO: Kwani mmesahau ule mfereji?

Hakuna aliyesahau. Pembeni mwa geti palikuwa na mfereji, bomba la maji lililovuja mwaka mzima, na watoto wa ploti walicheza kalongolongo, mchezo wa kupikapika, hapo tangu asubuhi. Walipika ugali wa matope. Walizuia maji kwa vijiti, maji yakiwashinda wanajenga tena. Maxine, mtoto wa Makau, alijifunza kugawa palepale: kila mtu chapati moja ya tope, na moja ikibaki wanapigana kwanza, halafu wanaikata. Lakini sisi wazazi tulichoka kufua. Tukavaa makoti, tukaenda kwa landilodi kumwomba aweke kabro, yale matofali ya kutandaza chini. Siku kazi ilipokwisha tulienda Kamakis kula nyama, na Profesa akatoa hotuba. Marvin alikuwa hajaanza kutembea.

OPIYO: Huyu hajui tope. Akishuka tu chini, mimi na mamake tunapiga kelele, wacha, utachafuka! Sasa hata mvua anaogopa. Mamangu akaniambia, nileteeni huyo mtoto, huku matope ni ya bure. Ndio hivyo. Mtoto anaenda, mimi nabaki na kabro.

PROFESA: Omera, ndugu yangu, usilie. Tutaambia landilodi ang'oe kabro kidogo kidogo, kila mtoto apewe shimo yake, na askari wa kuilinda!

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, Shiko, ameshika mkono wa kasichana kake. Alitafuta nyumba ya kupanga. Akatazama kabro zetu, akasifu usafi.

SHIKO: Na watoto wa hapa huwa wanacheza wapi?

Profesa alijimiminia kahawa. Makau akaanza kupangusa vikombe vilivyokuwa safi.

Wakati huo Marvin aliteremka kwenye begi. Maji ya kusuuzia vikombe yalikuwa yamejikusanya mahali ambapo kabro moja imeng'oka. Akachuchumaa, akachovya kidole kimoja kwenye tope, akakitazama. Akachovya tena. Kisha akatabasamu, na mimi sikuwa nimewahi kumwona mtoto huyo akitabasamu.

OPIYO: Marvin, wacha! Utachafuka!

Hakukusudia. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Mtoto alitoa kidole haraka, akakipangusa kwenye soksi, akarudi kukaa juu ya begi, mikono kwenye magoti. Opiyo akajifunika uso, akalia mbele yetu sote. Nilimhurumia, nikamsogezea kikombe chake. Shiko alisema asante, akaondoka na binti yake bila kuingia kuona nyumba.

Aketch alipofika kumchukua Marvin, aliona ile soksi, akapiga magoti aibadilishe.

OPIYO: Wacha. Aende nayo.