Fundi wa Mifuko Iliyopinda

Kama una kazi mkononi, msikilizaji mpendwa, endelea nayo taratibu. Anayekunja nguo akunje, anayebembeleza mtoto abembeleze. Mwanamke tunayemkumbuka jioni hii hakupenda watu waache kazi kwa ajili yake. Yeye mwenyewe alizungumza huku mguu ukikanyaga cherehani.

Mtaani walimwita Fundi. Alikuwa fundi wa kushona nguo. Ametutoka wiki iliyopita, usingizini, katika nyumba yake iliyo mkabala na bustani ya umma. Ukifungua dirisha la chumba alichoshonea, matawi ya miti ya bustani yanakaribia kuingia ndani.

Mumewe alikuwa dereva wa treni. Wenzake kazini walimbatiza jina la Breki, kwa sababu alisimamisha treni kwa upole kiasi kwamba hata mtoto aliyelala ndani hakushtuka. Alipostaafu, miaka ikapita, na kumbukumbu zikaanza kumponyoka. Yalianza kupotea majina, zikafuata siku, halafu sura za watu. Treni peke yake haikumtoka.

Kila alasiri Fundi alimshika mkono mumewe, wakavuka barabara, wakaingia bustanini, wakakaa kwenye benchi linalotazama miti mirefu. Pale Mzee Breki aliweka mikono magotini akatazama mbele. Upepo ukitikisa matawi, vivuli vilikimbia juu ya nyasi, mwanga ukaja na kuondoka, na yeye akaona vituo vinapita dirishani. Kituo kimoja, kingine, kingine tena.

"Umechoka, abiria?" alimuuliza mkewe.

"Sijachoka, dereva. Endesha tu."

Basi wakasafiri hivyo bila kuinuka walipokaa. Jua likishuka nyuma ya majengo, mzee alisimama mwenyewe, ametulia, tayari kurudi nyumbani.

Lakini bustani, wasikilizaji wapendwa, ilianza kuchakaa. Manispaa waliyachukua mapipa ya taka kwenda kuyapaka rangi, na mapipa hayakurudi. Nyasi zikaota mpaka magotini. Bomba la maji likavuja likafanya dimbwi, na chupa za plastiki zikaelea humo siku nzima, zinang'aa juani. Watu walikula, wakafuta mikono, wakaziacha karatasi pale pale walipokaa. Fundi alikwenda mwenyewe ofisini kuulizia.

"Mapipa yako njiani, mama," karani alimwambia.

"Mwanangu, nimeolewa na dereva wa treni. Hiyo 'njiani' naijua vizuri."

Karani alicheka. Mapipa hayakuja.

Sasa sikilizeni. Mzee Breki, katika maisha yake yote ya kazi, hakuwahi kuondoa treni yenye behewa chafu. Hakuwahi hata mara moja. Alipita mwenyewe akikagua, na akiona ganda la chungwa chini ya kiti, safari haianzi. Ndivyo alivyokuwa, na hilo halikumtoka. Kwa hiyo alipoona taka chini ya benchi, alikataa kukaa.

"Hii haiondoki," alisema. "Abiria watalalamika. Ngoja nitafute nyingine."

Na kweli akaenda kuitafuta. Alijichomoa mkononi mwa mkewe akatokea barabara kubwa, magari yakimpigia honi. Siku moja alipotea kabisa. Jioni walimkuta ng'ambo ya mji, amesimama kwenye ukuta wa ghala, mguu mmoja hauna kiatu, anamuuliza kila mpita njia treni inaondoka saa ngapi.

Tangu siku hiyo Fundi alilijua jambo moja. Benchi likiwa safi, mumewe anakaa. Benchi likiwa chafu, atampoteza.

Akaanza kuokota taka. Aliokota asubuhi, na alasiri zimerudi. Muuza maji, ambaye chupa zake ndizo zilizojaa pale, alimtania akiwa ameinama.

"Fundi, manispaa wamekuajiri? Usitusahau ukipandishwa cheo."

"Nikipandishwa cheo, wa kwanza kufukuzwa ni wewe."

Akawaza. Mapipa hakuna, lakini vipande vya vitambaa vimejaa chini ya meza yake. Akaamua kushona mifuko ya taka, aitundike, kila benchi lipate wake.

Na hapo alikosea, kosa ambalo fundi mzuri peke yake ndiye hulifanya. Alishona mifuko mizuri. Akaitia bitana, akapiga mshono mara mbili, akaweka mkanda mpana usiokata mkono. Aliitundika asubuhi. Walipokwenda na mzee alasiri, hakukuta hata mmoja. Akashona mingine. Nayo ikayeyuka.

Siku hizo hizo akakutana sokoni na mteja wake. Begani ana mkoba wa maua, vitunguu vinachungulia.

"Mkoba mzuri huo, dada. Umeupata wapi?"

"Kumbe hujui? Inatundikwa bustanini, bure kabisa. Wahi na wewe kabla haijaisha."

Fundi akamshukuru kwa taarifa.

Aliporudi akamsimulia binti yake, ambaye ni msusi. Binti alicheka mpaka kitana kikamdondoka.

"Mama, tatizo lako unashona vizuri mno. Shona vibaya."

Fundi alijaribu. Alitumia mkono wa kushoto. Akafumba macho. Akachukua kitambaa cha gunia. Mshono ukatoka umenyooka kama siku zote.

"Mkono unakataa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Sasa huyu binti, utotoni, alifundishwa kushona na mama yake. Gauni lake la kwanza lilikuwa na mkono mmoja wa kumtosha mtu na mwingine wa kumtosha paka. Tangu hapo alipigwa marufuku kugusa cherehani. Siku hiyo Fundi aliinuka, akavuta kiti.

"Kaa hapa, mwanangu. Kazi yako leo imepata soko."

Ikatoka mifuko iliyopinda, nyuzi zinaning'inia, midomo imekwenda upande kama ya mtu aliyelamba ndimu. Fundi akaibeba, akaitundika mwenyewe mchana kweupe. Hakuna aliyeiiba. Watu wakaicheka, na wakiwa wanaicheka wakatia taka zao humo. Nyasi chini ya benchi zikaonekana tena. Mzee Breki akakagua, akaridhika, akakaa.

Lakini mtaani yakaanza maneno. Fundi macho yameisha. Nendeni bustanini mkaone anavyoshona siku hizi. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao, kwa adabu, bila kumtazama usoni. "Nimeghairi tu, mama, si kitu." Meza iliyokuwa haionekani kwa nguo ikaanza kuonekana mbao zake.

Binti hakuvumilia.

"Mama, niwaambie ni mimi niliyeshona. Jina lako linaharibika."

"Ukisema hilo watauliza kwa nini. Wanajua baba yako anasahau. Hawajui kwamba anaendesha treni pale. Wakijua watakuja kumtazama, watamcheka. Waache wacheke macho yangu."

Jina la kazi la Fundi, wasikilizaji wapendwa, alilijenga tangu ujana wake. Akaliacha lining'inie pale na ile mifuko.

Mtu mmoja aligundua. Alasiri moja muuza maji alipita nyuma ya benchi, akasikia, "Umechoka, abiria?" Akasikia na jibu. Alisimama pale kitambo, beseni la chupa kichwani, vivuli vya majani vikimpita usoni. Hakusema neno kwa mtu. Kesho yake akaanza kumwaga mifuko iliyojaa. Halafu akaja na ufagio. Na siku moja alisogea mbele ya benchi, akasimama wima.

"Dereva, behewa ni safi. Unaweza kuondoka."

Mzee Breki akamjibu kwa kuinamisha kichwa, kama mkubwa wa kazi. Fundi aligeuza uso akatazama miti kwa muda mrefu.

Binti yake ametuomba tulitangaze hili leo, akiamini hamtamcheka baba yake, na tunalitangaza. Macho ya Fundi hayakuisha. Alikuwa anapenyeza uzi kwenye sindano bila miwani mpaka wiki aliyofariki. Ile mifuko alishona binti yake.

Tulimuuliza binti, baba anaendeleaje. Akatuambia hivi: "Kila siku anauliza mama yuko wapi. Nikimwambia amefariki tukiwa nyumbani, anafungua mlango anakwenda kumtafuta. Kwa hiyo nasubiri alasiri. Nampeleka bustanini, tukae kwanza, ndipo namwambia. Analia. Lakini hainuki. Anatazama miti, vivuli vinapita, mpaka kilio kinamwisha. Kesho yake ataniuliza tena, na nitampeleka tena."

Kwako binti, kwako Mzee Breki, na kwa majirani wote wa bustani ile, poleni sana. Mungu amlaze Fundi mahali pema, awape na ninyi nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, hata mtaani kwako kuna bustani, au hata kiwanja chenye benchi moja na mti. Mapipa tutaendelea kuyadai, kwa sauti, mpaka yafike. Lakini ukiinuka kwenye benchi, kuna mtu anakuja kukaa baada yako. Hujui amekuja kuambiwa nini. Liache safi.