Mzee Sabuni Anaweka Nyundo Chini

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu, fundi wa kunyoosha bodi za magari za alumini tunayemwita Mzee Sabuni anastaafu. Ni mara ya tatu. Mara mbili tulikwisha kumuaga kwa keki na soda, na mara mbili tukamrudisha baada ya wiki chache, kwa sababu kila mara kulikuwa na lori lililobonyea na sisi tuliobaki tulikuwa tunakodoa macho tu.

Alianza na bodi za chuma, ambazo hazina makuu. Alumini ilipoingia, wengi waliikwepa. Ukiigonga ikiwa baridi inapasuka, na ukiipasha moto haiwi nyekundu ili kukuonya, inayeyuka tu. Yeye hupaka sabuni ya kufulia pale palipobonyea, hupasha taratibu mpaka sabuni igeuke rangi ya kahawa, ishara kwamba joto limetosha, kisha huondoa moto na kugonga kwa nyundo ya mbao kutoka pembeni kuelekea katikati, kiganja cha pili kikipapasa upande wa nyuma.

Msimamizi wetu wa sasa, alipokuwa mgeni, aliona sabuni ni ushirikina, akapasha mlango bila kupaka kitu. Mlango ukatiririka sakafuni. Mzee aliutazama, akauliza kama alete vikombe.

Gari la wagonjwa lililobingirika, ambalo wenyewe walishalikatia tamaa, lilirudi barabarani kwa mkono wake.

Mkono huohuo sasa umechoka. Kifundo kimevimba, na daktari amemwambia akiendelea hivi hataweza kushika hata kijiko. Mkewe alitueleza kwamba hata usingizini mkono hugonga godoro, polepole, kutoka pembeni kuelekea katikati. Hakusema kwa kulaumu, na ndiyo maana ilituuma. Sisi nasi tumechoka kumsumbua, hatukatai, lakini tumezoea vibaya: tukiona bodi ngumu, tunashika simu kabla ya nyundo.

Juzi alimkabidhi msimamizi kipande chake cha sabuni, kimebaki chembamba. Msimamizi alikipokea kwa mikono miwili na hakutania.

Asante, Mzee wetu, kwa kazi na kwa uvumilivu. Tunakutakia maisha mema wewe na mama, na usingizi ambao mkono umetulia. Tukikupigia simu, tafadhali usipokee.