Boti Imekaa Sawa

Kijiwe chenyewe ni ubao wa ubavuni mwa lori lililokwisha kufa, umelazwa juu ya matofali nje ya gereji ya pikipiki, pale barabara inapoteremka kwenda gatini. Ukikaa hapo unaona kila chombo kinachovuka na kila anayekipanda, ndiyo maana pale hakuna jambo la majini linalokosa majibu. Kahawa anachemsha mama mmoja wa maneno machache, wanamwita Birika, na kikombe chake hakiombwi: ukishakaa tu, kimefika. Alasiri hiyo walikuwepo wenye kijiwe chao. Spana, fundi wa pikipiki, ambaye akikosa kazi huitengeneza dunia. Hakimu, aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka mingi, akastaafu na tabia ya kutoa hukumu kabla ya kesi. Na Nanga, mwenye boti, aliyepewa jina hilo tangu ujana kwa sababu akishakaa, kumnyanyua ni kazi.

Siku hiyo lakini Nanga alikuwa amekaa upande upande, kama mtu anayengoja kuitwa. Boti yake ilikuwa na ugonjwa. Kwa wiki kadhaa sasa ilikuwa imekaa kitako: pua juu, nyuma chini, maji yakiramba ule ubao unaobeba injini. Akipunguza mwendo ghafla, wimbi lake mwenyewe lilimfuata kwa nyuma na kumrukia ndani. Na hii haikuwa boti ya matembezi. Tangu mafuriko yabebe daraja, ndiyo iliyovusha wagonjwa kwenda hospitali ya ng'ambo. Vingine vyote pale gatini vilikuwa mitumbwi ya kasia, na maji ya mwaka huo hayakuwa ya kasia.

Kati ya hao wagonjwa alikuwemo dada yake, mkubwa wake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Figo zilikuwa zimegoma. Kila baada ya siku chache ilibidi avuke akasafishwe damu, na zamu yake ilikuwa kesho asubuhi. Akikosa, anavimba miguu, halafu uso, halafu anaanza kuitafuta pumzi. Hiyo ya pumzi Nanga alishaiona mara moja, na alikuwa radhi kufanya lolote asiione tena.

Spana ndiye aliyeanza, na alianza na injini, maana kwake kila kitu kinaanza na injini. Nanga alitoa ile ndogo ya zamani akafunga dubwana, alisema, sasa anashangaa nini? Hata mtu ukimbebesha gunia kiunoni atakaa. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyembishia, akaendelea mbele zaidi: si uzito peke yake, pangaboi la injini nalo limekunjwa vibaya, linakoroga kwenda chini, kwa hiyo kila safari injini inaivuta boti izame kidogo, na boti ikishazoea kuvutwa haisahau.

– Tatizo ni tezi, akasema Hakimu, ambaye hupenda maneno ya mabaharia wa zamani.

– Tezi ni yako, mzee, akasema Spana. Nenda kapimwe.

Hata Birika alicheka. Hakimu hakucheka. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, aliwaeleza, na kama hawajui lugha wanyamaze. Yeye aliona kosa halimo kwenye boti kabisa, limo kwenye maji. Maji ya mafuriko ni maji mageni, hayajatulia, hayana nguvu ya kubeba kitu. Ingekuwa boti yake angeigeuza, akaiendesha kinyumenyume mpaka maji yazeeke. Spana akamwambia basi aifunge injini puani kabisa, abiria wapandie nyuma kama wanaingia jikoni. Wakabishana hapo kwa muda mrefu, kila mmoja akichora boti yake kwa kidole kwenye vumbi.

Nanga aliwaacha. Yeye alikuja na lake, na alikuwa anatafuta mahali pa kuliingiza. Hatimaye akasema ushauri waliompa jana ameufuata. Madumu ya mafuta ameyahamishia katikati. Betri ameitoa nyuma. Halafu jana hiyo hiyo jioni amejaza viroba vya mchanga, amevipanga puani.

– Ikawaje? akauliza Spana.

– Imekaa sawa.

Basi, kijiwe kikafurahi. Ushauri wa viroba ulikuwa wa Hakimu, au wa Spana, ikategemea unamuuliza nani, na wote wawili wakaanza kuudai. Nanga akapigwa bega. Akaambiwa si unaona, ungekimbilia mafundi wa mjini wangekukata boti nzima.

Sasa, sawa ni neno la hatari ukilipeleka majini. Kuna sawa ya kulingana, mbele na nyuma usawa mmoja, na kuna sawa ya kwamba mambo ni mazuri, nendeni mkalale. Nanga alisema ya kwanza. Wao wakasikia ya pili. Naye alijua wamesikia ipi, na akawaacha nayo, kwa sababu ilikuwa tamu kusikia watu wazima wakifurahia boti yake.

Alichokuwa hajasema ni hiki. Ubavuni mwa ile boti kuna mstari mwekundu, ameuchora mwenyewe, unaoonyesha mwisho wa maji. Kabla ya mchanga, mstari ulikuwa umezama nyuma na kuonekana mbele. Baada ya mchanga, haukuonekana popote. Boti ilikuwa imelingana kweli, ililingana kwa kuzama pande zote. Na kulikuwa na jingine baya zaidi, aliloliona alfajiri.

– Spana, alisema. Nimetoboa sakafu.

– Umetoboa kwa nini?

– Nione lile povu gumu la chini. Lile wanalomwaga boti isizame.

– Enhe?

– Limelowa lote. Nimetoa kipande, nikakikamua kama mkate uliotumbukia kwenye chai.

Spana alikuwa mbishi lakini hakuwa mjinga. Alikiweka kikombe chini. Alielewa, kama Nanga alivyoelewa alfajiri akiwa amepiga magoti na drili mkononi, kwamba kile kilichowekwa mle kuishikilia boti juu ndicho sasa kinachoivuta chini. Hapo hakuna injini ya kusogeza wala betri ya kuhamisha. Ni kung'oa sakafu yote, kuchimbua, kukausha, kumwaga upya, na kazi hiyo ni ya wiki nyingi boti ikiwa nchi kavu.

– Na kesho? akauliza Spana, taratibu.

Nanga akatazama gatini. Alikuwa na woga, na aibu juu yake, maana alikuja kijiweni akitaka mtu mmoja tu amwambie haiwezekani, asivuke. Kwa kinywa chake mwenyewe asingeweza. Kumwambia dada yake kesho hatuendi kulikuwa ni kumwambia kaa nyumbani ufe. Na kwenda kulikuwa ni kwenda kuzama naye, pamoja na wengine wote watakaopanda.

Hakimu akatoa hukumu. Si imekaa sawa? Imekaa sawa. Basi wavuke polepole, wasisimame ghafla, na abiria wapangwe vizuri, wazito mbele, wepesi kati, nyuma asikae mtu. Alizungumza vizuri kabisa, kwa mpangilio, na kwa kitambo kidogo hata Nanga aliona kama inawezekana.

Ndipo dada yake akafika. Alikuwa anapanda ile barabara kutoka gatini pole pole, akipumzika kila hatua chache, mkoba wa hospitali umening'inia begani, miguu imejaa ndani ya kandambili za kiume kwa sababu viatu vyake vilishamkataa. Walimwamkia, akaitikia, akawauliza hali za nyumbani mmoja mmoja, kama kawaida yake. Kisha akamgeukia mdogo wake.

– Mimi nikae wapi?

Wote wakasogea mara moja. Spana alinyanyuka kabisa, akapangusa ubao kwa kiganja. Hakimu akasema karibu dada, hapa pana kivuli.

– Siyo hapa, alisema. Kesho. Nimepita kwenye boti sasa hivi. Mbele ninapokaaga umejaza mchanga. Nyuma ulinikataza mwenyewe. Sasa nikae wapi?

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza nafasi kanisani au msikitini, akiona haya kuwakatiza wanaume mazungumzo yao. Spana akainama, akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Hakimu, aliyepanga abiria wote sasa hivi, alimtazama Nanga ajibu. Akilini Nanga alijaribu kumweka kila mahali, mbele, kati, ubavuni, na kila alipomweka aliona maji. Birika aliinua birika lake kuwajazia, kisha akalirudisha jikoni bila kummiminia mtu.

– Mbona mmenyamaza? akauliza dada.

Akatabasamu, akauweka vizuri mkoba begani.

– Basi nitakaa juu ya huo mchanga, alisema. Msihangaike. Siku hizi nimebaki mifupa, wala sina uzito.

Nanga aliitazama miguu ya dada yake, ilivyovimba. Siku ya kuvuka kwenda kusafishwa, maji ya siku zote hizo yakiwa bado yamo mwilini, ndiyo siku anayokuwa mzito kuliko zote.