Penalti ya Kipa

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi Makasi lilijaa asubuhi hiyo, lakini kiti cha kunyolea ndani kilikuwa kitupu, na hapo ndipo penye habari. Tangu timu ya mtaa ipoteze kombe, wenye nywele wote wamemsusia Makasi, eti kwa kuwa kocha ni mkwe wake. Yaani mtu asinyolewe kwa sababu ya penalti! Ilikuwa hivi: dakika ya mwisho, bao moja kwa moja, refa anatupatia penalti. Chuma, kijana ambaye hajakosa penalti msimu mzima, kashika mpira. Mara kipa wetu katoka golini mbio, kavuka uwanja mzima, kaja kupiga yeye. Akagonga mwamba. Wapinzani wakaubutua mpira mbali, ukadunda, ukadunda, hadi ndani ya goli letu lisilo na mtu. Kocha akasema, “Amri ilikuwa yangu,” kisha akafunga mdomo. Leo jioni kamati ya timu inakaa kumfukuza kocha, na Makasi ni mjumbe. Binti yake kamuuliza mara mbili: “Baba, utamtetea vipi mume wangu?” Baba mtu hajui.

— Nisaidieni jamani, alisema Makasi. Kwa nini kipa?

— Ana mguu mkubwa, alijibu Sindano, fundi cherehani. Nimemshonea suruali mimi.

— Suruali inapimwa kwa kiatu? aliuliza Breki, dereva wa lori.

— Mguu ni mguu, bwana!

— Hamna kitu. Kipa wao kapanga chumba kwa shangazi yake Chuma. Wanakula sufuria moja. Chuma akikohoa tu, yule kajua atapiga upande gani. Kocha kaligundua hilo.

— Kaligundua dakika ya mwisho?

— Ndiyo kwanza shangazi kafika uwanjani kumwambia!

Makasi alijaribu kujiona mbele ya kamati akimtaja shangazi wa watu. 

Mama Birika, mwenye kahawa, akacheka hadi vikombe vikagongana.

— Wanaume hamna macho. Kipa anachumbia. Binti kakaa nyuma ya goli la wenzetu, kule mbali. Kipindi chote cha pili anamwona mchumba wake mdogo kama kunguru. Kijana kaomba naye akaonekane.

— Kwa hiyo mkwe wangu ndiye mshenga?

— Nimesema mimi?

— Mimi nawaambia tulifungwa makusudi, Sindano akashusha sauti. Kombe lile lisingepita mlango wa ofisi ya timu. Nimeupima.

— Sindano, kunywa kahawa, alisema Breki.

— Imeisha, alisema Mama Birika.

Hapo akatokea mama mmoja na ndoo yake, mpangaji mpya wa chumba cha nyuma, mtu asiyejua mpira hata ukimpiga kichwani. Alikuwa amesikiliza yote toka dirishani, na nani asingesikiliza?

— Samahani baba zangu. Huyo Chuma aliyeshika mpira, aliutoa mwenyewe au alinyang'anywa?



— Mimi nilimtazama kipa anavyokimbia, alisema Breki.

— Mimi kocha, alisema Sindano.

— Mimi nilimtazama yule binti, alisema Mama Birika.

Wote wakamgeukia Makasi.

— Nilifumba macho, alisema. Si mkwe wangu?

Akawaza: na kama Chuma aliogopa, na mkwe wake kaamua kuubeba msalaba huo peke yake? Au hakuogopa, na mkwe ni mpumbavu tu?  Akavaa koti.

— Leo hafukuzwi mtu, alisema. Sitamtetea, sitamshtaki. Chuma aitwe kwanza, aulizwe alivyouliza mama huyu.

— Na akikataa kusema?

 Makasi akaondoka, hatua mbili za haraka, moja ya kusita.

Nyuma yake Sindano alikwisha kumsogelea Breki.

— Ukweli nimeukumbuka sasa. Chuma hakuwa na mpira.