Papa Sonia Amemaliza Kucheza

Wapendwa mliofika hapa kambini Nakivale leo Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, familia imenituma mimi Constantin, baba mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha yake, na ninyi mliotoka Mbarara na kamera, tafadhali zizimeni, hapa ni kwenye kilio, si kwenye mashindano.

Bienvenu alizaliwa tarehe 14 Machi 1998 huko Fizi, Kivu Kusini, mtoto wa nne wa mama Pascaline, mnayemwona pale mkekani, na wa mdogo wangu aliyetutangulia. Vita vilimleta hapa mwaka 2008, akasoma shule ya msingi kambini, kisha sekondari huko Ngarama, akamaliza kidato cha nne mwaka 2016.

Mwaka 2017 alipata kazi katika kibanda cha gemu, akiwasha televisheni kwa umeme wa sola na kufuta vumbi kwenye padi za kuchezea, na sisi wazee tulimcheka sana, mwanamume mzima kucheza mpira kwa vidole. Tarehe 7 Desemba 2019 alifunga ndoa na Perpétue katika kanisa letu, wakajaliwa Sonia, tarehe 20 Septemba 2020, na Ezira, tarehe 2 Juni 2023. Tangu Sonia azaliwe, hata ndani ya gemu alijiita Papa Sonia, yaani baba yake Sonia, kama tulivyomwita sote.

Agosti 2021 aliwashinda wote kwenye mashindano ya Mbarara, na bwana Meddy, mwenye timu huko Kakoba, akamwajiri kwa mkataba, naye akawa anatazamwa kwenye simu hadi katika nchi ambazo sisi wakimbizi tumeziomba zitupokee na hazijajibu. Tulijivuna, nisiseme uongo.

Machi mwaka huu miguu ilianza kumvimba. Madaktari wakasema ni figo, wakamkataza vile vinywaji vya kopo vya kuchangamsha mwili, ambavyo mfadhili wa timu alitaka avinywe mbele ya kamera kila mechi, na alipomwomba Meddy apumzike kidogo, alijibiwa kwamba kamera haionyeshi miguu. Yesu wangu! Nimeandika maneno hayo kwa mkono wangu, yasipotee. Alivumilia, akaendelea kunywa, akaendelea kucheza, na Jumatano tarehe 8 Oktoba, saa kumi alfajiri, alifariki hospitalini Mbarara, Perpétue akiwa amemshika mkono.

Desturi yetu mnaijua, mpaka matanga yaondolewe hakuna anayevaa shati la marehemu wala kukalia kiti chake. Lakini jana, mwili ukiwa bado mochwari, Papa Sonia alicheza mechi. Meddy alimweka mtu mwingine acheze kwenye akaunti ya mtoto wetu, kwa jina lake na picha ya uso wake, eti mfadhili anangoja, na Sonia akaiona mechi hiyo kwenye simu ya jirani, akakimbia kwa mama yake kumwambia waache kulia, papa amefunga goli. Uchafu gani huu, jamani? Hata fisi hungoja watu watoke makaburini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuchotea maji na kutupikia sombe ya majani ya muhogo, na Atuhaire wa Makenke, mchezaji mwenzake, aliyekataa kucheza kwa jina hilo, kisha akaja kutuambia ukweli.

Bwana Meddy, umeketi mbele na fulana yenye picha ya lile kopo, basi sikia, sanduku hili halitashushwa kaburini mpaka uifunge akaunti hiyo, hapa, Perpétue akiangalia, na kama simu yako haina chaji, ya Atuhaire hii hapa. Ukishaifunga, tutamwita Sonia karibu, tumwambie sote kwa sauti moja, asikie kwa watu wake wakubwa, kwamba papa amemaliza kucheza.

Papa Sonia, mwanangu, pumzika sasa kwa amani.