Mapipa ya Osiri Yasigawanywe

Mheshimiwa Bwana D.O. wa serikali, Bwana Meneja wa mgodi, Chifu wetu, Padre pamoja na wazee wa kanisa, ndugu wageni waalikwa mliotoka Rongo na Homa Bay, mama zetu mliokaa kule nyuma karibu na sufuria, na ninyi wachimbaji wenzangu ambao kuanzia kesho hatuna king'ora cha kutuamsha: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimesimama mimi kwa sababu wengine wamekataa. Naitwa Wangwe, kwetu ni Butere. Hapa Osiri nimesukuma vigari vya mawe chini ya ardhi tangu ujana wangu, na ujana wenyewe umebaki huko huko chini. Shule niliiacha darasa la nne. Nikikosea mtanivumilia, maana nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kupamba maneno.

Mgodi unafungwa leo. Kama dhahabu imekwisha, ama imejificha mahali ambapo kampuni haiwezi kuifuata, hayo atawaeleza Bwana Meneja. Mimi nimepewa kazi ya kuiaga bendi yetu ya mapipa.

Wageni wetu huenda wanajiuliza, pipa la mafuta linaimbaje? Hata sisi tuliuliza. Alikuja hapa fundi wa mashine anayeitwa Bwana Paul, mtu mweusi kama sisi, mzaliwa wa kisiwa cha Trinidad, ng'ambo ya bahari mbili. Kiswahili chake kilitosha kuomba chai tu. Jumapili moja alichukua pipa tupu nyuma ya stoo, akaligonga uso kwa nyundo mpaka ukabonyea kama sinia. Akaugawa uso ule vipande vipande kwa kuuchora mistari, akalipitisha motoni, halafu akaligonga tena polepole siku nzima, mpaka kila kipande kikatoa sauti yake. Mama mmoja muuza samaki akasimama na karai kichwani, akamwuliza, "Bwana, hilo pipa limekukosea nini?"

Tulicheka sana. Lakini Bwana Paul alitueleza, kwa Kiingereza chake na mikono yake, kwamba kwao zamani serikali ilikataza watu maskini kupiga ngoma za ngozi. Basi watu wakaokota makopo, wakaokota vifuniko, mwisho wakaokota mapipa. Alisema, "Tulinyang'anywa ngoma, hatukunyang'anywa masikio." Kuanzia siku ile hakuna aliyecheka.

Bwana Paul alirudi kwao, akatuachia nyundo na mwanafunzi wake mmoja, huyu jaduong', mzee wetu Nashon, mnayemwona amekaa hapa mbele na kofia mapajani. Nashon alikuwa akitoboa miamba kwa mashine mchana, na jioni anatengeneza mapipa. Kila pipa jipya alilibeba hadi misheni ili alilinganishe na kinanda cha kanisa. Padre, unakumbuka ulivyomwambia? "Nashon, hapa ni kanisani, si gereji." Na unakumbuka Krismasi iliyofuata ni nani aliyetuma mtu kutuita? Sisemi kwa ubaya, Padre. Ulitufungulia mlango, nasi hatujasahau.

Siku ya Madaraka, mwaka wa sitini na tatu, tulipiga Homa Bay mbele ya umati. Mzee mmoja akainama katikati ya wimbo, akachungulia chini ya pipa langu akitafuta redio. Nikaendelea kupiga. Akanitazama miguu, akatazama mikono, akainuka, akaanza kucheza. Nimeinama maisha yangu yote mbele ya wanyapara, jamani. Siku ile mtu aliinama kutazama kazi yangu.

Lakini hotuba ya kusifu tu ni rahisi, nami sikusimama kwa hilo. Nataka mwelewe jinsi bendi hii inavyofanya kazi, kwa sababu tuko karibu kuiua kwa upole.

Mimi napiga mapipa makubwa ya sauti nzito. Ni manne, na kila moja lina sauti tatu tu. Kwa sauti nzito tupu utaimba wimbo gani? Mapipa ya Maroa, ndugu yetu Mkuria, yana sauti za katikati. Lile dogo la Nashon ndilo linalobeba wimbo wenyewe, lakini likipigwa peke yake ni kama mtu anayepiga mluzi njiani. Mjaluo, Mkuria na Mluhya, ambao katika kambi ya wachimbaji kila mmoja alikuwa na jiko lake, jioni walilazimika kungojeana, kwa sababu hakuna aliyeweza kuumaliza wimbo bila mwenzake.

Sasa Bwana Meneja, kwa moyo mwema, alitangaza kwamba kila mpigaji aende nyumbani na mapipa yake kama zawadi ya kuagana. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Kwa nini? Mama zetu mnajua. Pipa hili limekatwa upande mmoja. Ukiligeuza, unapata tangi la maji. Mke wangu Marcella anateka maji mtoni, na kutoka mtoni hadi nyumbani ni kilima kitupu. Kila nikienda likizo namwahidi pipa, na kila likizo nafika bila pipa. Safari hii nilikuwa nimekwisha kuyafunga yote manne kwa kamba.

Maroa ndiye aliyetangulia kuondoka, akapakia yake kwenye lori. Jioni Nashon akatuita tufanye mazoezi, akasema tupige hivyo hivyo. Tukapiga. Kila tulipofika mahali pa Maroa palikuwa na shimo, nasi tunaliruka kama watu wanaovuka mtaro gizani. Susana wa mandazi akatusikiliza, akauliza, "Wazee, wimbo wenu umeng'olewa meno?" Akaongeza, "Bado nani aende, mbaki vibogoyo kabisa?"

Kabla ya wiki kuisha, lori likarudi na Maroa, na mkewe Nyangi, na mapipa. Kumbe kule nyumbani Nyangi aliligeuza moja, akaliweka juu ya mawe, akalijaza maji ya ng'ombe. Uzito wa maji ukakandamiza kutoka juu, mawe yakasukuma kutoka chini. Maroa alipolimwaga na kulipiga, likajibu kama debe bovu. Nyangi hakuona aibu kutueleza. Alisema, "Huyu mume wangu anakaa akilitazama pipa kama mtu aliyefiwa, hali, hasemi. Nimewaletea mapipa yenu na mwenyewe. Mimi nitatafuta kitu kingine cha ng'ombe."

Nashon alilirudisha motoni akaligonga tena. Sauti tatu zilikuwa zimeharibika; mbili zilirudi. Ile nyingine haijarudi sawasawa mpaka leo. Mtaisikia baadaye, ina kikohozi.

Basi nawauliza, wachimbaji wenzangu: tumetoka chini ya ardhi na nini? Tumetoka na mgongo mbovu na kifua chenye vumbi. Dhahabu tuliyochimba hatuwezi hata kusema ilikwenda nchi gani. Kitu kimoja tu tulichotengeneza hapa kikabaki chetu ni hiki, nacho tunakwenda kukitia maji ya ng'ombe?

Bwana D.O., ulimwambia Nashon kwamba kuna chumba katika ukumbi wa Homa Bay, kama mapipa yatakuja yakiwa kamili. Nashon anarudi kwao huko huko. Nakuomba mbele ya watu hawa chumba hicho kiwe cha kupigia, kisiwe cha kufungia. Vijana wafundishwe. Wasichana pia. Huyu Awino, binti ya Nashon, amekaa nje ya mazoezi yetu miaka yote, na vidole vyake vinafuata sauti zangu nzito kila anapotusikia. Mapipa yangu nampa yeye.

Siwaamuru wenzangu. Maroa amekwisha kurudisha yake, nami kamba yangu nimeifungua asubuhi hii. Mapipa manne yako pale mlangoni. Nanyi wapigaji wengine mtafanya mnavyoona, lakini fanyeni leo, kwa sababu kesho kila mtu yuko barabarani.

Huenda nisiyasikie tena. Butere ni mbali, na mimi safari nimezichoka. Nikifika nyumbani nitamwambia Marcella ukweli, kwamba pipa lake linaimba Homa Bay. Najua hatanigombeza. Atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko ninakokuogopa. Kisha nitachukua mtungi niteremke mtoni mwenyewe, kesho yake niteremke tena, na wanaume wa kijijini wakitaka kucheka, wacheke. Mgongo huu umepandisha mawe ya watu miaka mingi. Hautashindwa na maji ya mke wangu.

Bwana Meneja, asante kwa kazi. Nashon, kwa lugha ya kwenu, ero kamano. Na ninyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.