Jiwe Lililorudi Kuwa Jekundu: Maisha ya Bi Ngoja

Ndugu, jamaa na majirani, sogeeni kidogo ili walio nyuma nao wasikie. Marehemu hakupenda habari zisimuliwe mbiombio.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Mei 1946, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, sonara. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Alikua na cherehani ya mama upande huu, na taa ya kuungia dhahabu ya baba upande ule.

Akiwa na miaka minane aliona jambo lililomwongoza maisha yake yote. Baba alikuwa akiunga pete ya mteja bila kulitoa jiwe lake, yakuti nyekundu. Moto ukalipitia. Jiwe likafifia, likawa kijivu, kisha kijani. Baba akaweka taa chini, akashika tama. Jiwe lilipopoa, likaiva tena wekundu wake.

"Umeona nini?" baba akauliza.

"Limegeuka, halafu limerudi."

"Hukuona kitu, mwanangu. Na usimwambie mtu."

Tangu siku hiyo sonara hakupokea tena pete yenye jiwe jekundu; wateja walidhani ni maringo. Binti naye akafunga mdomo, lakini swali halikumtoka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1953, akamaliza sekondari 1966, na mwaka 1970 akapata shahada ya fizikia. Chuoni ndiko alikokutana na nadharia ya uga wa fuwele, inayoeleza jinsi mawe yanavyopata rangi, ambayo baadaye ilikuja kuwa kazi yake. Likizo moja alimweleza mama yake: "Mama, chembe ya kromiamu ni mpangaji. Ndani ya yakuti imezungukwa na majirani sita wa oksijeni, wanaibana. Namna wanavyoibana ndiyo inayoamua imeze mwanga upi. Mwanga unaobaki ndio rangi tunayoiona. Ndani ya zumaridi mpangaji ni huyohuyo, ila amebanwa kidogo tu, basi jiwe ni kijani."

Mama hakuinua macho kwenye cherehani. "Na sisi wapangaji wa hapa, kwa tulivyobanwa, tuna rangi gani?"

Tarehe 4 Agosti 1973 alifunga ndoa na fundi wa vioo wa maabara ya chuo. Huyo ndiye aliyempa jina la Bi Ngoja, kwa sababu kila chombo alichotoka kukipuliza, mkewe alimzuia mkono: "Ngoja kipoe, mume wangu. Vidole huna vya akiba."

Mwaka 1977, akifanya utafiti wa uzamivu, aliazima yakuti kwenye kabati la makumbusho ya chuo na kuipasha moto tanurini ili apime mwanga unaopita ndani yake. Mkuu wa idara, bingwa wa mawimbi ya redio, akapita, akachungulia, akaona jiwe la kijani.

"Yakuti iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mwalimu. Ngoja ipoe, utaiona."

Mkuu hakungoja. Jioni ileile aliandika barua kwamba jiwe limeibwa na jingine kuwekwa mahali pake. Asubuhi walipolikuta jekundu, akaongeza mstari: mwizi amelirudisha kwa hofu. Marehemu akasimamishwa masomo. Kama asingesafisha jina lake mbele ya baraza la nidhamu, angefukuzwa kwa wizi.

Alikwenda kwa baba yake. "Baba, nataka kusema lile tuliloliona."

"Sema," sonara akajibu. "Miaka ishirini na mitatu nimelibeba peke yangu, nikidhani ni mkosi. Nami nitakuja."

Baraza lilikaa Jumanne, tarehe 22 Novemba. Mwenyekiti, mama mmoja mwanasheria, alilitoa jiwe kwenye bahasha kwa mkono wake. Fundi wa vioo akashika taa ya gesi. Jiwe likafifia, likawa kijivu, likawa kijani.

"Hilo ndilo nililoliona!" mkuu akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Sasa tungoje."

Wakangoja dakika kumi na moja. Wekundu ukaanza pembeni, ukaingia ndani, ukajaa.

"Mkuu," mwenyekiti akasema, "naona mwizi amelirudisha tena, na sote tulikuwa tunamwangalia."

Chumba kizima kikacheka. Marehemu hakucheka. Alieleza kwamba joto huitanua nyumba, majirani wakasogea, mpangaji akapumua na kumeza mwanga mwingine. Ikipoa, kuta hurudi mahali pake. Mkuu akasimama, akachana barua yake mbele ya wote. "Usilolijua ni kama usiku wa giza," alisema. "Nisamehe, binti yangu."

Nyuma kabisa, yule mzee sonara aliuliza kwa sauti: "Kwa hiyo halikuwa mkosi?"

"Halikuwa, baba."

Wiki ile sonara alikubali tena kazi ya pete yenye jiwe jekundu. Ilikuwa ya binti yake, na aliitengeneza mwenyewe.

Marehemu alipata uzamivu mwaka 1979. Aliongoza maabara ya fuwele kuanzia 1984 hadi 2009, akalea watafiti arobaini na mmoja. Wa kwanza kumwombea cheo hicho alikuwa yule mkuu wa idara.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Hospitalini, muuguzi alipomharakisha anywe chai, alisema, "Ngoja ipoe, mwanangu. Yanayopoa hurudi kuwa yalivyo." Alituaga Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mumewe, yule fundi wa vioo, binti na mwana, wajukuu watano, na wadogo zake wawili, mmoja wao ndiye anayewasomea haya. Pete ya sonara iko kidoleni mwa mjukuu mkubwa, aliyesimama hapo mbele. Ni nyekundu, mnaiona.

Bi Ngoja hana tena cha kungoja. Alale kwa amani, jina lake likiwa safi.